Sahani Nne Nyumbani kwa Puring

Kila siku saa sita mchana, Puring alitandika sahani nne mezani. Nyumba yake ilikuwa na watu wawili.

Sahani ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mumewe, Teryo, ambaye hakuweza hata kuketi mezani. Ya tatu ilikuwa ya binti yao Lilibeth, anayeshona nguo kiwandani Manila. Ya nne ilikuwa ya mtoto wao wa kiume, Nulfo. Nulfo alipanda meli ya uvuvi miaka minane iliyopita. Meli ikakutana na tufani. Haikuonekana tena, wala ubao wake mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya Lubigan. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwa Puring, na nimekula kwake mara nyingi. Ukikaa karibu na sahani ya Nulfo, Puring anakuambia, "Sogea kidogo, Mwalimu. Hapo pana mwenyewe." Unasogea.

Kisiwani kwetu hatusemi mtu hayupo. Tunasema katoka kidogo. Aliye Manila katoka kidogo. Aliye Saudia mwaka wa kumi naye katoka kidogo. Kusema mtu hayupo tunaona ni kumfungia mlango. Tena mtu akiinuka mezani kwenda safari, wanaobaki hugeuza sahani zao kwa kuzizungusha palepale mezani, kila mmoja yake, ili msafiri afike salama. Siku Nulfo alipoondoka, Teryo aligeuza yake na Lilibeth akageuza yake. Puring alikuwa jikoni anasugua sufuria. Sahani yake haikugeuzwa. Hilo alinisimulia mara moja tu, na sikuthubutu kumuuliza zaidi.

Mwaka jana Teryo alipata kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa. Maneno nayo yakapungua, akabaki na machache kama chenji mfukoni. Neno alilolisema kila mchana lilikuwa moja.

"Sahani?"

"Ipo, mzee," Puring alijibu. "Sahani ya mwanao ipo."

Mgonjwa wa namna ile anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, ngozi inaoza. Puring ana miaka sitini na nane na ni mfupi kama jembe. Teryo alikuwa mbeba magunia ya nazi kavu. Puring alimgeuza asubuhi, akamgeuza mchana, na jioni mgongo wake mwenyewe ukamkatalia. Kufika mwezi wa sita, Teryo alikuwa na kidonda mgongoni ambacho ngumi ingeingia.

Jirani yao Bining alikuja kila siku na majani ya mlonge ya supu. Bining ni mjane, na mdomo wake hauna pazia.

"Wee Puring, huyu mtu ananuka," alisema siku moja.

"Nanuka mimi pia. Nimetoka kwenye nguruwe."

"Usinifanye mjinga, shoga. Hicho ni kidonda. Kule kijiji cha Santa Fina kuna mhudumu wa afya anapita nyumba kwa nyumba. Anasafisha vidonda, anageuza wagonjwa, anafundisha namna ya kuwabeba. Bure kabisa. Kwa nini sisi hatuna?"

"Labda Santa Fina wanasali zaidi."

"Hao? Hao wanacheza karata hadi Ijumaa Kuu!"

Puring hakucheka. Alikuja kwangu jioni ileile akaniomba nimsindikize wilayani. Alitaka kuomba mhudumu, na aliogopa kuzungumza na watu wa ofisini peke yake. Bining alikubali kukaa na mgonjwa.

Tulipanda boti ya asubuhi. Kwenye ofisi ya afya tulipokewa na muuguzi mkuu, Bi Zenaida, mama mtaratibu mwenye miwani. Alimsikiliza Puring hadi mwisho. Kisha akafungua kitabu kikubwa.

"Mama, pole sana," alisema. "Nina wahudumu sita na vijiji arobaini. Nawapeleka kwanza kwenye vijiji vyenye wazee wengi na vijana wachache. Hiki ni kitabu cha sensa iliyopita. Lubigan, watu mia nne na kumi na wawili. Kati yao, watu wazima wenye umri wa kufanya kazi ni mia mbili na arobaini."

Puring alimtazama kama aliyetukanwa.

"Mia mbili na arobaini?"

"Ndiyo, mama."

"Nioneshe mmoja. Mmoja tu, na mimi nikupe kuku wangu."

"Sina majina hapa, mama. Nina idadi tu. Kitabu kinasema kijiji chenu kina vijana wengi wa kuwasaidia wazee."

"Sisi tuna vijana kwenye picha ukutani."

Bi Zenaida alivua miwani. Nilimwona anahuzunika kweli. Akasema kitabu hicho ni cha zamani, na kipya kinakuja. Alituonesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa kalenda ya kutolewa kwa takwimu mpya. Idadi ya watu ingetangazwa Ijumaa, tarehe kumi Oktoba, saa nne asubuhi. Takwimu za nyumba, maji na vyoo zingetoka Desemba. Za mapato, kazi na bei za vitu zingetoka mwaka unaofuata, mwezi wa pili.

"Siku hiyo ya Oktoba nitapanga upya wahudumu wangu," alisema. "Kijiji kikionekana kina wazee wengi, kinapanda juu kwenye orodha yangu. Nyinyi mlihesabiwa mwezi wa tano, sivyo? Basi subirini. Namba mpya zitawatetea."

Nilidhani Puring angefurahi. Badala yake alishika ukingo wa meza, na uso wake ukawa wa rangi ya majivu.

Tulipotoka nje aliketi kwenye ngazi.

"Mwalimu," aliniambia, "mwezi wa tano nilisema tuko wanne."

Niliketi kando yake. Kisha nami nikamwambia langu. Mwezi wa tano niliandikisha watu wawili. Mke wangu aliniacha miaka tisa iliyopita, na sasa ana mume mwingine huko Davao. Kwangu naye katoka kidogo. Bining, anayeishi na nguruwe mmoja, aliandikisha watu saba.

Basi kitabu cha zamani tulikijaza sisi wenyewe. Na kitabu kipya, kilichokuwa bado hakijatoka, tulikuwa tumekwisha kukijaza vilevile.

Ofisi ya takwimu ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Nilimshika Puring mkono tukapanda. Tulimkuta Glenda, msichana aliyekuja Lubigan mwezi wa tano kutuhesabu. Alimtambua Puring mara moja.

"Bibi! Umepanda ngazi zote hizi? Mzee hajambo?"

"Mzee hana nafuu, mwanangu. Mimi nimekuja kuungama."

Glenda alivuta viti, akatuletea maji. Puring alisema yote kwa pumzi moja. Glenda aliinamisha kichwa.

"Bibi, lakini mimi nilikuuliza vizuri. Nikasema, nani wanaishi hapa siku zote? Ukanionesha hadi miswaki yao. Minne, kwenye kikombe."

"Miswaki ipo."

"Najua ipo. Wenye miswaki je?"

Puring alikunywa maji yake yote.

Glenda hakumkaripia. Alieleza polepole, kama anavyoeleza mtu aliyelirudia jambo mara nyingi bila kulichoka.

"Bibi, sensa haiulizi nani ni mtoto wako. Haiulizi nani unampenda. Inauliza nani anaishi hapa kwa kawaida. Anayelala hapa, anayekula hapa, anayeugua hapa. Dada Lilibeth anaishi Manila, na karani wa Manila amemhesabu kule alikopanga. Wewe ukimhesabu tena huku, anakuwa watu wawili. Kule anashona, huku anasemekana anamgeuza baba yake."

"Angekuwa anamgeuza kweli!" Puring alisema, na sauti yake ikapanda.

"Ndiyo shida yenyewe, Bibi. Serikali inadhani anamgeuza."

Niliuliza kama kuna njia ya kurekebisha. Glenda alisema ipo, ila mlango unakaribia kufungwa. Kabla ya takwimu kutolewa, makarani hurudi kuhakiki kwenye maeneo ambayo namba zake zinatia shaka. Uhakiki ungeisha tarehe kumi na tano Julai. Baada ya hapo hesabu zinafungwa. Zikishatangazwa hazibadilishwi kwa sababu mtu fulani ameomba, awe tajiri au maskini. Ndiyo maana tarehe ya kuzitangaza inawekwa mapema, kila mtu aione, pasiwepo mkubwa wa kuzikalia au kuzipamba.

"Na tukichelewa?" niliuliza.

"Mtasubiri sensa nyingine, Mwalimu. Miaka mitano."

Puring alisema taratibu, "Teryo hana miaka mitano."

"Basi nitakuja wiki ijayo," Glenda alisema. "Naombeni muwaambie wenzenu. Na msiogope. Jina la mtu halitoki ofisini kwetu. Kinachotoka ni jumla tu. Hata huyo Bi Zenaida wa chini hajui nani alisema nini."

Tulipanda boti kurudi. Tulipokaribia gati ndipo aliponiuliza, "Mwalimu, kuhusu Lilibeth nitasema. Lakini Nulfo nitasemaje mbele ya baba yake? Anamwulizia sahani kila siku. Nikisema hayupo, nitamuua."

Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza mke wangu.

Glenda alikuja Jumanne. Kabla hajaanza kazi, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Florante, alituita kwenye ukumbi. Watu walijaa safu tatu za viti vya mbele. Vilivyobaki vilikuwa vitupu, na hakuna aliyeshangaa.

"Nasikia kuna watu wanataka kupunguza kijiji," Florante alianza. "Fungu letu la serikali linafuata idadi ya watu. Tukishuka, fungu linashuka. Ni kweli au si kweli, binti?"

"Ni kweli, Mwenyekiti," Glenda alisema. "Linaweza kushuka. Siwezi kuwaficha hilo."

"Mmesikia! Halafu tutaonekana namna gani? Mnataka wilaya nzima ituone kijiji cha vikongwe na makaburi?"

Puring alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kwenye mkutano. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Florante, mwezi uliopita Teryo alianguka kitandani. Nilikimbia kutafuta watu wa kumwinua. Nilipita nyumba kumi na moja. Nyumba tano zimefungwa kufuli. Nyumba sita nimekuta watu wa umri wangu. Tulimwinua wazee watano, na mmoja alikuwa na gongo. Hao mia mbili na arobaini wako walikuwa wapi?"

"Wametoka kidogo," mtu mmoja alisema kwa nyuma, kwa mazoea tu. Kisha akaona aibu.

"Kidogo gani, Bwana?" Bining alidakia. "Wangu sita wametoka kidogo mwaka wa kumi na mbili! Nguruwe wangu ndiye anayenijua kwa jina." Watu walicheka. Bining hakucheka. Alifuta macho kwa ncha ya kanga yake. "Andika mmoja, binti. Kwangu andika mmoja. Na maji pia uandike upya."

"Maji yana nini?" Glenda aliuliza.

"Mwezi wa tano uliniuliza tunakunywa maji gani. Nikasema ya bomba."

"Na si ya bomba?"

"Bomba lipo. Liko palepale, limesimama. Toka tufani ile ya miaka minane iliyopita halijatoa hata tone. Tunakunywa ya kisima, yana chumvi. Lakini mtu akija mgeni nyumbani, utasema unakunywa chumvi?"

"Bi Bining, hizo za maji zinatoka Desemba kwenye takwimu za nyumba. Zinaonesha wapi pachimbwe kisima, wapi mabomba yatengenezwe. Ukisema bomba, wanajua mnakunywa vizuri, wanapita."

"Basi wamepita," Bining alisema. "Tena bila kupiga hodi."

Florante alikaa akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba wanawe watatu wako Kuwait. Glenda akamwambia wanaofanya kazi nchi za nje wana sehemu yao kwenye fomu, hawapotei, ila hawaandikwi kama watu wanaolala Lubigan. Florante akaitikia kwa kichwa, akaomba aandikwe wa kwanza.

Nyumba kwa nyumba tukaenda, Glenda na kishikwambi chake, mimi nikimwongoza njia. Kazi ile ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Kila mlangoni kulikuwa na mtu wa kuondolewa. Mama mmoja aliomba kwanza amalize kufua. Mzee mmoja alitaja majina ya wanawe sita, moja moja, akakunja vidole, kisha akasema, "Hao wote hawaishi hapa," akaingia ndani bila kuaga. Kwangu Glenda aliuliza, nami nikajibu, "Mmoja." Ni neno dogo. Lilinikwama kama mwiba wa samaki.

Nyumba ya Puring tuliiacha mwisho, kwa ombi lake. Alitungoja nje, karibu na banda la nguruwe.

"Ongea chinichini," alimwambia Glenda. "Mzee yuko macho. Ukuta wenyewe mianzi."

"Sawa, Bibi. Nani wanaishi hapa kwa kawaida?"

"Mimi. Na Teryo."

"Dada Lilibeth?"

"Yuko Manila. Mwandike huko huko Manila."

"Na Kaka Nulfo?"

Puring alifungua mdomo. Alijaribu mara mbili. Nguruwe walikuwa wakigombania maganda ya muhogo, na mimi niliwatazama hao ili nisimtazame yeye.

Ukuta wa mianzi ukagongwa kutoka ndani. Ukagongwa tena.

Tuliingia. Teryo alikuwa ameutoa mkono wake mzima nje ya shuka. Alitutazama mmoja mmoja, akamtazama Glenda mwisho.

"Wawili," alisema.

"Wawili nini, mzee wangu?" Puring aliuliza. "Unataka maji?"

"Tuko... wawili." Alipumzika. Jasho lilimtoka. "Nulfo... baharini."

Puring alipiga magoti kando ya kitanda.

"Teryo! Si wewe unayeniuliza sahani kila siku?"

Alichelewa kujibu. Tulisubiri. Maneno yake yalikuwa yanatoka mbali.

"Nauliza... kwa ajili yako."

Puring alimlalia kifuani akalia kwa sauti. Miaka minane alikuwa ameweka sahani ile ili mumewe asivunjike moyo. Naye mumewe aliiuliza ili mkewe asivunjike moyo. Kila mmoja alijua mtoto amekufa, na kila mmoja aliubeba msiba peke yake, chumba kimoja, meza moja. Mimi ni mtu mkavu, watoto wa shule wananijua. Siku ile nililia.

Glenda aliandika wawili.

Jioni ya kesho yake tulianza sala za siku tisa za kumwombea Nulfo. Zilikuwa zimechelewa miaka minane. Bining alipika kahawa na keki za wali, Florante alileta viti vya ukumbi. Siku ya tisa Puring aliosha ile sahani ya nne, akaifunga kwa gazeti, akaiweka juu ya kabati. Mswaki aliuacha.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine wangeliruka. Namba za kweli hazikumwokoa Teryo. Glenda alimfuata Bi Zenaida kumwomba asaidie kabla ya Oktoba, na Bi Zenaida alikuja mwenyewe siku moja ya mapumziko yake. Alisafisha kidonda. Alimfundisha Puring namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka, bila kuumiza mgongo. Shuka ya kawaida, inakunjwa mara mbili, inapitishwa chini ya kiuno. Puring aliishika ile shuka akasema, "Kumbe ni hivi tu." Lakini kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Teryo alifariki tarehe ishirini na tatu Agosti, mchana, saa ya chakula. Tulisali tena siku tisa.

Ijumaa ya tarehe kumi Oktoba tulikusanyika ukumbini. Saa nne takwimu zilitangazwa redioni kwa nchi nzima. Saa tisa Glenda alifika na boti akiwa na karatasi ya kijiji chetu, akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Niliisoma kwa sauti.

Lubigan, watu mia moja sabini na mmoja. Wenye miaka sitini na zaidi, themanini na wanne. Watoto, thelathini na watatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulijua tumebaki wachache, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Bining alisema, "Mungu wangu, tumekwisha," akajifunika uso.

Puring alisogea akaweka kidole juu ya namba.

"Glenda, mwanangu. Teryo mmemtoa?"

"Hapana, Bibi. Hesabu hii ni ya siku moja, tarehe mosi Mei. Ni kama picha. Aliyekuwepo siku ya picha yumo. Mzee alikuwepo."

"Kwa hiyo yumo."

"Yumo."

"Na Nulfo hayumo."

"Hayumo, Bibi."

Puring aliitazama ile mia moja sabini na moja kwa muda mrefu. Kisha akaniambia tuondoke, mvua inakuja.

Fungu la kijiji lilipungua, kama Florante alivyohofu, na taa za barabarani alizoahidi hatukuziona. Lakini Januari Bi Zenaida alitupa mhudumu, siku tatu kwa wiki. Kabla yake, Desemba, takwimu za nyumba zilitoka. Zilionesha kwamba karibu nyumba zetu zote zinakunywa maji ya chumvi, na mafundi walikuja kupima bomba. Bado wanapima. Shule yangu, ambayo vitabuni ilikuwa na madarasa mawili ya watoto hewa, darasa lake moja limekuwa chumba cha kuhudumia wagonjwa. Mzee Isagani, aliyeanguka Februari akabaki kitandani, hana kidonda hata kimoja.

Mhudumu anaitwa Rowena. Ni mwanamke wa miaka thelathini, mcheshi, mwenye miguu ya kupanda vilima. Mara ya kwanza alipofika kwa Puring nilikuwepo. Alitoa daftari.

"Bibi, nyumba hii mnaishi wangapi?"

"Mmoja," Puring alisema. Hakupunguza sauti. "Kaa, mwanangu, tule."

Alitandika sahani tatu, kwa sababu tulikuwa watatu. Wali, samaki mkavu, supu ya mlonge. Rowena alipima presha ya Puring, akamkanda mgongo, akala haraka. Kabla hatujamaliza, honi ya boti ililia gatini. Upepo ulikuwa umeanza kubadilika na nahodha alitaka kuwahi.

"Samahani, Bibi, wananiacha," Rowena alisema, akainuka na mkoba wake. "Jumatano nipo."

Alikuwa amefika mlangoni. Puring aliweka kijiko chini. Kwa mikono miwili, polepole, wali ukiwa bado umo, aliigeuza sahani yake. Kisha akanitazama mpaka nikageuza yangu.